Rasta za Anitha

Jumatano usiku, Makambako

Rasta zote nilizomsuka Anitha nimezifumua leo, palepale hospitalini Njombe. Nilitaka mwanangu apendeze mbele ya madaktari. Kumbe mashine yao ya kuchunguza ubongo inatakiwa ikae karibu kabisa na ngozi ya kichwa.

Daktari akasema, "Mama, leo hatumtibu. Tunachunguza kwa nini mkono wake unajikunja akishika kalamu." Nilimwelewa, ila nikajiuliza: Wanamchokoa mwanangu ubongo, halafu mimi nimekaa tu?

Mashine ikalia ta! Kidole gumba cha Anitha kikaruka chenyewe. Nikasimama, nikapiga yowe, "Mungu wangu!"

Anitha anacheka. "Kaa, mama, haiumi!"

Shuleni wanasema anajifanya, hataki kuandika. Nilipomwambia daktari, akatikisa kichwa. "Si uvivu, mama. Ubongo wake unaamrisha misuli mingi mno kwa wakati mmoja." Maneno hayo nimekuja nayo njia nzima.

Kama mkono utapona, sijui. Hata wao hawajui. Lakini leo nimepumua.

Sasa hivi nimechukua chanuo nimsuke tena. Akanishika mkono.

"Ziache, mama. Jumatatu tunarudi. Na safari hii usipige yowe."