Maganda Ndani ya Hudson

Bent Creek, North Carolina
Agosti 1953

Kaka yangu mpendwa Carlisle,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ujerumani, na kwamba jeshi linakupa chakula cha maana. Sisi hatujambo. Mama anasindika mapichi, nyumba nzima inanata. Mimi tangu nimalize shule namsaidia Baba gereji, ingawa wateja wakija bado najificha nyuma ya boneti.

Najua unangoja habari za Hudson yako, gari lako la mbio. Tangu uondoke ilikuwa haijakimbia. Mjomba Hoyt akawa anaimezea mate, kila akija anamuuliza Baba, "Shemeji, hilo banda la kuku utaniuzia lini?" Mwishowe Baba akachoka, akaapa kwamba itakimbia kwenye mbio za Jumamosi, na isipokimbia, Hoyt aichukue. Nilijifungia chooni nikalia kwa ajili yako.

Jumamosi, uwanjani, tukafunga milango kwa mikanda, tukabandika utepe kwenye taa. Baba akaingia, akaona maganda ya karanga sakafuni. Akaruka nje kama aliyekanyaga nyoka! Unajua madereva wa mbio wanavyoamini karanga za maganda ni mkosi wa ajali; akasema yeye hakai kwenye gari la mbio lenye karanga, hajachoka kuishi. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Lete funguo, shemeji, nife mimi!"

Hapo kipaza sauti kikaita mbio za wanawake.

Kaka, niliendesha mimi. Nilisikia sauti yangu ikimwambia Baba kwamba aliapa gari litakimbia, hakusema nani ataliendesha. Akanivika kofia yake ngumu. Nikavaa koti lako kuukuu, lile la chini ya kiti, ili nipate ujasiri. Kwenye kona Hudson ililala chini kama paka anayewinda, nikawapita wote. Mjomba Hoyt alinivulia kofia, akaniita "dereva" mbele za watu.

Sasa sikia. Nilipopokea kikombe cha ushindi nilitia mkono mfukoni mwa koti nitafute leso. Maganda matupu! Kumbe mbio zote ulizoshinda ulikuwa unatafuna karanga, na Baba akidhani ni ufundi wake wa injini. Hajui, na sitamwambia, mradi ukirudi tupokezane usukani.

Mama anakubusu, Baba anasema uvae soksi kavu. Ndani ya kifurushi, chini ya mapichi, kuna karanga.

Dada yako akupendaye,
Verna Mae