Chembe za Asali ya Theodosia

Mlabani, Ifakara
Agosti 1956

Mdogo wangu mpenzi Theodosia,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Habari za baridi ya Mahenge, na goti lako linaendeleaje? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi sikai mahali pamoja. Naketi, nasimama, natoka hadi barabarani, narudi. Jirani yangu Wendelin ameniuliza kama kiti changu kina siafu.

Sababu ni debe la asali ulilotuletea kwa mahari ya mwanangu Raimundi. Wakwe zetu wa Kisawasawa wameshikilia desturi: asali hufunguliwa mbele ya ukoo wote, na shangazi wa binti ndiye anayelamba kwanza. Bila ulimi wake hakuna neno linaloendelea. Shangazi huyo, Balbina, alichovya kidole, akakitazama, akakilamba, akasaga kitu kati ya meno. Asali ilikuwa imeganda, nyeupe, yenye chembechembe. Akawauliza wenzake tangu lini nyuki wanakwenda dukani. Wanawake wakacheka. Akanigeukia: mwalimu mzima, kukoroga sukari ili debe lijae! Baba wa binti, Kelestini, hakucheka. Alisema binti yake Digna hataolewa na watu wanaodanganya kwenye kitu kitamu, maana kwenye kitu kichungu watafanya nini. Raimundi alitoka nje, akashika baiskeli yake, asiipande.

Nilijaribu kueleza. Asali ni maji machache yaliyobeba sukari za namna mbili, na mojawapo imezidi kiasi ambacho maji yale yanaweza kukibeba. Humo ndani chembe zake hukutana na kuachana, kwa sababu kikundi kidogo huvunjika kabla hakijashikamana. Lakini kikikua kupita kiasi fulani, au kikipata pa kujishikiza, kama vumbi la ua au kipande cha nta, basi hakivunjiki tena. Kila chembe inayopita hujipanga juu yake, mpaka chombo kizima kinaganda. Nikasema haya nimeyasoma kitabuni. Balbina akajibu kwamba hata mbuzi wake alishawahi kula kitabu.

Basi nikaomba asali yao wenyewe, iliyo angavu, nikajaza chupa tatu. Moja sikuitia kitu. Nyingine niliitia sukari ya dukani. Ya mwisho niliitia chembe za asali yako, kidogo tu, kwa ncha ya kisu. Balbina akaziba midomo ya chupa kwa nta, akabonyeza kidole chake juu, tukazifukia katika mchanga wenye unyevu chini ya mtungi wake wa maji, kwa kuwa joto la bonde huzuia chembe zisishikane. Nikasema mbele ya wote: ikiwa asali yetu ina sukari ya duka, ile chupa ya sukari na ile ya chembe zitafanana, nami nitamchukua kijana wangu niondoke.

Theodosia, sijui kama nimewahi kusubiri hivyo. Kila Jumapili baada ya misa nilidandia lori hadi Kisawasawa, na kila mara Balbina alinipokea akisema mkwe, sukari yako bado imelala. Raimundi aliacha kuniuliza. Alinitazama tu nikishuka kwenye lori.

Juzi zilifukuliwa. Ile isiyotiwa kitu ilikuwa angavu. Ile ya sukari ya dukani ilikuwa angavu pia, sukari yenyewe imekaa chini, imepungua. Lakini ile ya chembe zako ilikuwa imepauka, na pale chembe zilipotua miiba myeupe kama sindano ilikuwa imechipuka kila upande. Balbina akalamba, akasaga. Kisha akapiga kigelegele hadi kuku wakakimbia. Arusi ni mwezi ujao.

Kelestini alinisindikiza barabarani. Yeye ni askari wa bwana nyama, mlinzi wa wanyama wa porini, ndiye anayezunguka nchi iliyofungwa ng'ambo ya mto. Akaniuliza asali inayoganda hivyo inatoka wapi. Nikasema, kwa mdogo wangu Mahenge.

Sasa nikwambie. Asali ya Mahenge naijua, haigandi nyeupe vile. Iliyoganda hivyo niliiona Luhanje tu, nyumbani ng'ambo ya mto, kabla serikali haijatuhamisha kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mama aliichota kwa mwiko kama ugali. Niliitambua siku ile ile debe lilipofunguliwa. Ningeitaja Luhanje, wazee wa Kisawasawa wangeniamini bila chupa yoyote, na Kelestini angejua kuna mtu anayetundika mizinga kule kulikokatazwa. Nikaona heri arusi ya mwanangu ining'inie kuliko wewe ukamatwe.

Ichome barua hii. Usinijibu kwa maandishi. Mwambie Apolinari, dereva aliyekuletea barua hii, ni mwezi gani unakwenda tena Luhanje. Juu ya mti sitapanda, lakini moshi wa kufukuza nyuki naweza kuupuliza. Usiende peke yako. Nataka kukanyaga pale.

Msalimie shemeji Dionisi na watoto wote, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi kaka yako,
Fulgensi