Kimejaribiwa na Nani?

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza. Mgongo wa mama unaendeleaje? Sasa nikujie wewe. Umeandika: "Dada, kipengele hiki kipya cha kubana faili za kompyuta kimejaribiwa, hakina neno." Kimejaribiwa na nani? Waliokitengeneza wenyewe wamekiandika "cha majaribio". Wao wanaogopa, wewe mpiga picha unajipa moyo. Diski hiyo ndiyo pekee yenye picha zote za studio ya marehemu baba. Subiri diski mpya.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Mama hajambo, anatembea mpaka dukani. Ungekuwa wakili, mahakimu wangestaafu mapema. Diski imejaa, mpya inakuja mwezi ujao, na Jumamosi nina harusi ya kupiga. Nimeshakiwasha. Faili zinazofanana kinazihifadhi mara moja tu. Nimetoa nakala ya picha zote kwenye folda ya Akiba, na haikula nafasi hata kidogo. Lala salama.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo? Nakala isiyokula nafasi si nakala. Ni picha ileile, umeipa majina mawili. Kizime, unijibu leo.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Natumai u mzima. Sisi tupo. Nilinyamaza kwa aibu. Umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kubana. Majina ya picha yapo yote, ukifungua ni kijivu kitupu, na Akiba vilevile. Fundi ameshindwa. Mama aliomba ile ya baba na kofia, nikamwambia printa imeharibika. Negativu za filamu za baba zingetuokoa. Sikulaumu.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Pole sana. Lakini nilaumu. Nani alisimama stoo akasema negativu ni vumbi tu, zichomwe? Mimi, na sauti yangu hii. Wewe ulichezea diski moja kwa sababu mimi nilikuachia moja. Baba na kofia yumo kwenye droo yangu, nakuja naye Jumapili. Mama mwambie ukweli leo. Kisha bandika haya kwenye mlango wa studio, wala usiyapunguze makali:

"Ninyi mliopigwa picha na baba yetu katika chumba hiki: fungueni albamu, shusheni fremu ukutani. Tutazinakili mkiwa mmekaa hapa, mtaondoka nazo. Msituambie zimefifia. Leteni."

Dada yako