Kandida Hashuki Ziwani

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Eufrasia,

Kandida sikupi. Umesikia? Yule mama mchuuzi wa usipa, hao dagaa wenu, uliyemtuma amefika huku mlimani Ukata, ndoo bado iko kichwani, hata maji hajanywa, ananiambia eti mdogo wako ashuke huko ziwani Chiwanda akusaidie kuanika samaki, na likizo ikiisha abaki kwanza mpaka usipa wapungue. Una adabu wewe? Mtoto yuko darasa la saba, mtihani uko mlangoni, unataka akafukuze kunguru kwenye vichanja? Na shangazi yako anayekuweka huko, umsomee barua hii kwa sauti. Inamhusu.

Nilishafungua mdomo nikutukane vizuri. Yule mama akamalizia salamu zako: "Anasema shule haina miguu, haitakimbia." Nikaufunga. Maneno hayo si yako, mjukuu wangu. Ni yangu.

Unaukumbuka mwaka wa korona. Ulikuwa kidato cha pili, ukarudi na madaftari yote kichwani, mwalimu kawaambia mkae nyumbani mpaka mtakapoitwa. Siku hiyohiyo ukaning'iniza kibuyu chirizi mlangoni. Hata katekista ulimzuia: "Shikamoo baba, naomba unawe kwanza." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tulijifukiza majani ya mkaratusi, mimi, wewe na Kandida chini ya blanketi moja, jasho linatutiririka. Ukaniuliza, "Bibi, wakisahau kutuita je?" Nikakujibu, "Funga mdomo, vuta mvuke." Basi. Jibu langu lilikuwa hilo.

Masomo yalikuwa yanasomwa redioni. Ulikaa na daftari magotini, sikio umelibandika kwenye spika. Nikaja nikazima. Nilitaka betri zibaki za matangazo ya vifo, nijue nani kaondoka. Waliokufa niliwasikiliza, wewe uliye hai nikakuzimia redio.

Halafu ngoro, mashimo yetu ya shambani. Babu yako alifyeka nyasi akazipanga miraba mlimani, sisi wawili tukachimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Mkono wako ulikuwa mwepesi, mashimo yamekaa sawasawa, majirani wakaja kutazama, nami nikajitapa: "Huyu ni mimi mwenyewe, nimerudi usichana!" Ikanyesha ile mvua kubwa, maji yakatuama kwenye mashimo yako, udongo wetu haukwenda mtoni. Nilifurahi kama mjinga.

Shule zilipofunguliwa, kahawa nayo imeiva. Ulifua sare ukaianika juu ya mti wa kahawa wa uani. Niliichukua kwa mikono hii, haijakauka, nikaikunja. "Shule haina miguu, haitakimbia," nikasema. "Kahawa ikikaukia mtini, nani ataichuma?" Ulichukua kikapu ukanitangulia shambani. Si ungenijibu! Si ungelia hata kidogo!

Kahawa ikaisha, ukaenda. Jioni ukarudi umeinamisha kichwa. "Bibi, hesabu wanazofanya sijui hata zinaanzia wapi." Hapo ningekushika mkono nikurudishe mwenyewe, hata kwa fimbo. Nikasema, "Basi pumzika." Shangazi yako akapanda na magunia ya usipa, akashuka na wewe, nami nikakufungia maharage ya njiani. Maharage ya ngoro zako mwenyewe.

Watu huku wanasema korona ilimtoa Eufrasia shule. Waongo. Korona ilifunga mlango, ukaja ukafunguliwa. Aliyekaa kizingitini ni mimi. Nimezuia udongo wa mlima usiteremke, wewe nikakuacha ukateremka mpaka ziwani. Siku hizi Kandida akiwasha taa ya sola asome, hata sufuria siigongi.

Msamaha siombi kwa karatasi. Nitauomba ukiwa umekaa jikoni kwangu unaniangalia.

Sasa sikiliza. Nimevaa khanga yangu ya kanisani nikaenda kwa mwalimu, nikamweleza yote, sikujificha. Anasema waliokatishwa masomo wanapokelewa, na wakubwa kama wewe wapo, hutachekwa na watoto. Usiniletee habari za kuzeeka. Mimi niliishia darasa la pili, leo nimekuandikia mpaka vidole vimekufa ganzi. Ngoro za mwaka huu nitafukia mwenyewe, zikikaa upande zikae. Jembe langu usiliguse.

Msalimie shangazi yako, lisalimie na hilo ziwa, kisha uligeuzie mgongo. Usipa walioko kichanjani watakauka bila wewe. Jumatatu Fuso la samaki linapanda kuja Mbinga. Uwe ndani yake.

Ni mimi bibi yako, niliyeikunja sare.