Alama ya Chaki Kwenye Mlango wa Ofisi Yako

Stoo ya Karakana,
Jumamosi, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu shangazi yako. Natumaini huko uliko mu wazima, wewe, mkeo na wale mapacha, na kile kikohozi cha mmoja wao kimepoa. Sisi huku hatujambo. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, na baba yako anakula vizuri ila hataki kupumzika mchana kama daktari alivyomwambia. Miili ni mizima. Moyo wangu ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua huwezi kuikatiza, Bosi Mdogo. Jina hilo tulikupa ukiwa na miaka minne, ulipokuwa ukikaa juu ya mbao na kutuamrisha, na leo, ukiwa bosi kweli wa karakana ya baba yako, nimelitumia makusudi.

Fundi Rula unamjua. Ndiye aliyeanza kazi na baba yako tulipokuwa watu watatu chini ya mabati, mimi nikipaka vanishi. Desturi yake pia unaijua: mbao zikiingia anazipanga, anachora X kubwa ya chaki ubavuni mwa mlundo, na hakuna anayegusa mpaka zikauke na yeye mwenyewe aifute kwa kiganja chake. Miaka ishirini na sita hatukurudishiwa mlango hata mmoja.

Mwezi wa tatu wewe ukaja na wageni wako wenye mitaji, ukaona zile X zinaharibu sura ya kampuni. Ukamwagiza mfagiaji azifute kwa kitambaa. Halafu ukatutumia ujumbe sote: oda zimekuwa nyingi, mbao zitumike baada ya wiki mbili, mwenye pingamizi ajaze fomu na kumpa meneja kabla ya Alhamisi. Ujumbe huo ninao kwenye simu yangu na sitaufuta.

Rula hakujaza fomu. Alikupigia mara tatu, hukupokea. Akanijia hapa stoo akasema, "Dada, hizi mbao zina maji. Nikizipiga randa, mkono unalowa." Nikamwambia bosi kashasema. Hapo na mimi nilikosa, na kosa langu nalibeba.

Sasa milango kumi na minane tuliyoitengenezea zahanati kwa mbao hizo imepinda. Jumanne nilikwenda kuiona mwenyewe. Mlango wa chumba cha kujifungulia haufiki kwenye fremu. Nilimkuta mkunga ameuzuia kwa ndoo ya maji, mama wa watu yuko ndani anasukuma, na foleni ya chanjo inapita hapohapo nje. Mkunga hakunitukana. Aliniangalia, akauliza, "Nyinyi hamna mama?" Mwanangu, umri wote huu sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Jumatano ukanipigia. "Shangazi, mwite Rula ofisini kwangu, funga mlango, weka spika." Nikafanya hivyo. Lakini mlango wa ofisi yako, ule uliotaka uwe tayari haraka haraka kwa ajili ya wageni, umetoka kwenye mlundo uleule. Nikausukuma kwa bega, nikausukuma kwa goti hilihili bovu, ukabaki wazi upana wa kiganja. Nikajaribu kukuambia. Ukanikatiza, kama kawaida yako, ukaanza.

Watu arobaini na mmoja walizima mashine wakasikiliza. Walikusikia ukimwita mzembe mtu aliyekufundisha kushika msumeno. Walikusikia ukiuliza ni nani aliyeruhusu mbao mbichi zitumike, na kila mmoja wao ana ujumbe wako mfukoni. Huna haya wewe? Na usiniambie ulitaka kumsema faraghani. Hata mlango ungefungika barabara, ungekuwa uongo uleule.

Rula alifunga randa yake kwenye gunia akaenda nyumbani. Karakana ya mtaa wa pili wamekwisha kumfuata, naye amewaahidi jibu Ijumaa. Wewe unaniambia nikutafutie fundi mwingine. Sitafuti.

Zile karatasi za semina ulizobandika ukutani nimezisoma zote, hata ile inayosema kiongozi ni msikilizaji. Nilicheka peke yangu. Sasa nisikilize mimi ambaye semina sikwenda. Tulipokuwa watatu, baba yako akikosea tulimwona, tukamcheka, akarekebisha. Kampuni ikikua, kosa la mkubwa linashuka ngazi kwa ngazi mpaka limfikie asiye na wa kumtupia. Kazi yako ni kulidaka kabla halijashuka. Ukishindwa hiyo, hata ukifungua matawi kumi unatudanganya tu.

Na anayejua mbao aachiwe mbao. Wewe tafuta wateja, maana kwa hilo hakuna anayekuweza, nasema kweli hata nikiwa nimekasirika. Ila mtu akikuambia bado, asijazishwe fomu. Pokea simu.

Njoo kabla ya Ijumaa. Simama katikati ya karakana, mashine zikiwa zimezimwa, useme, "Ni mimi." Hotuba acha hukohuko. Kisha uende zahanati ukafunge bawaba za mlango mpya wa kile chumba kwa mikono yako. Usipokuja, Jumamosi nakabidhi funguo za stoo, na mimi hujawahi kunisikia nikitishia.

Baba yako sijamwambia. Kila siku anauliza mbona Rula haji kucheza naye drafti, na mimi nimechoka kumdanganya.

Msalimie sana mkeo, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde safarini, maana nategemea utakuwa safarini.

Akupendaye hata kwa hasira,
Shangazi yako.

Nimesahau jambo moja. Kabla ya kuondoka, Rula alitoa chaki mfukoni akachora X kubwa kwenye mlango wa ofisi yako. Jana mfagiaji alikuja na kitambaa chake, nikamnyang'anya. Wa kuifuta unamjua.