Kwa Baba, Dereva Aliyerudi Tambarare Kumfuata Mwinjilisti

Mwaka umetimia, Baba, tangu mchana ule ulipotuaga, na hadi leo honi ya lori la maji ikilia barabarani Mama huinua kichwa kabla hajakumbuka.

Tumekaa sebuleni kuandika tangazo hili, kila mtu na lake. Dada yako, shangazi yetu, anataka tuandike jinsi ulivyokuwa mpole. Kitinda mimba wako anataka tuandike jinsi ulivyokuwa mkaidi. Mama amesema tuandike safari ile, maana mpole na mkaidi wote walikuwa kwenye usukani mmoja.

Maisha yako yote ya kazi uliendesha lori la maji. Mtaani walikuita Polepole, na utingo wako alilalamika kwamba kuku wanawapita. Kila asubuhi ulilizunguka lori ukipiga kila tairi teke dogo huku ukinong'ona. Sisi watoto tulidhani unaongea na matairi. Mama ndiye aliyetufahamisha kwamba ulikuwa unasali. Na jioni, kabla ya kuliegesha lori, ulipita kwa mjane wa nyumba ya kona kumwachia yale uliyoita maji yaliyobaki kwenye mpira. Mpira wako ulikuwa wa ajabu, Baba. Yaliyobaki ndani yake yalijaza pipa zima.

Hukuwa mtu wa safari za injili. Kanisani ulikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na ukiombwa kuongoza sala ulikohoa mpaka akaombwa mwingine. Asubuhi ile ulikwenda kanisani kujaza tangi la kanisa, basi. Ukakuta gari la kanisa limepakiwa, Mwinjilisti kasimama na Biblia kwapani, na dereva wake kashikwa na homa ghafla, hawezi hata kuinuka. Ng'ambo ya tambarare kulikuwa na kikundi cha waumini wapya waliokuwa wakisali chini ya paa la bati bila mwalimu, na walikuwa wakimsubiri.

"Nifikishe njia panda tu," Mwinjilisti alikuambia. "Pale kuna mwenzetu atanipokea."

"Njia panda tu," ukasema. "Mchana niwe nyumbani."

Lori ukamwachia utingo. Mama alikuja mbio na vidonge vyako vya presha, akapanda ili akueleze namna ya kuvimeza, na gari likaondoka. Yeye mwenyewe husema: "Nilileta vidonge, nikajikuta nimefunga mkanda." Sisi tuliachwa kwa shangazi, tukaambiwa tutakula chakula cha mchana pamoja.

Njia panda hapakuwa na mtu. Mlisubiri mpaka kivuli cha gari kikahamia upande wa pili. Pale palikuwa na kituo cha mafuta, na mhudumu wake alikuwa kakaa juu ya kreti, mpira wa pampu kaufunga kwa kamba.

"Hayajaja tangu wiki iliyopita," alisema. "Na huko mbele ndiyo kabisa."

Mwinjilisti alikuwa na sauti kubwa na hakuijua ndogo. "Ndugu yangu, twende kwa imani."

"Imani ipo, Mwinjilisti," ukamjibu. "Mshale wa mafuta ndio umelala."

Ukashuka. Ukalizunguka gari la watu kama ulivyolizunguka lori lako, tairi kwa tairi. Mama alikuwa kateremsha kioo, akakusikia. "Bwana, mimi ni dereva tu. Gari ni lako, abiria ni wako. Ukitaka turudi nitageuza. Ukitaka twende, sema sasa, maana ninaogopa."

Hakuna sauti iliyojibu. Ukaingia, ukawasha, ukaanza kugeuza. Ndipo mwanamke mmoja akatoka nyuma ya kituo na mtoto begani, shingo ya mtoto imelegea.

"Mhudumu kaniambia mnakwenda ng'ambo," alisema. "Mtoto anaungua, baba. Zahanati iko huko."

"Na ile tuliyoipita njiani?"

"Imefungwa. Mganga kahama."

Ukamtazama mtoto, ukautazama mshale, ukafungua mlango wa nyuma.

"Hilo ndilo jibu," akasema Mwinjilisti.

"Sijui kama ni jibu," ukasema. "Ni mtoto."

Baba, wewe uliyependa kuendesha na dirisha wazi ukipiga mluzi, siku hiyo hukupiga mluzi. Ulizima injini kwenye miteremko ukaliacha gari lijiendee. Tambarare ile kila dereva aliijua. Watu walitekwa pale, na aliyeharibikiwa na gari aliliacha akakimbia. Katikati yake gari likakohoa, likajivuta kidogo, likanyamaza.

Maji mlikuwa nayo, kwa sababu wewe hukuwahi kusafiri bila madumu mawili ya maji. Mama akalowanisha kitambaa, akampangusa mtoto kichwani na kwapani. Kitambaa kilikauka kabla hajakigeuza. Mtoto akaanza kukakamaa, macho yakapinduka, na mama yake akaanza kumwita jina lake bila kupumzika. 

Mlisikia pikipiki kabla ya kuziona. Vijana walikuwa na mapanga, na mmoja alikuwa na bunduki iliyofungwa mpira kwenye kitako. Mkubwa wao alivaa kofia ya sufu kwenye jua lile. Waliwashusha, wakapekua. Wakakuta Biblia, sabuni, nguo za kugawa na vidonge vyako vya presha.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza mwenye kofia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Mama anasema hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Tulikuwa tunakwenda," ukasema. "Mafuta yamekwisha, sasa tumekaa."

"Nani kawatuma?"

"Mungu," akajibu Mwinjilisti, na safari hii sauti ilitoka ndogo.

"Kawatuma bila mafuta?"

Ukasema, "Ndilo swali nililokuwa namuuliza mlipofika."

Mama alifumba macho akisubiri kipigo, lakini hakikuja. Mwenye kofia alichungulia ndani, akamwona mtoto, akakaa anamtazama. Kisha akawapungia wenzake, wakasogea pembeni, wakabishana. Waliporudi walikuwa wamembeba kijana mwenzao aliyefungwa shati tumboni, na shati lilikuwa limelowa damu.

"Tutakupa mafuta," alisema mwenye kofia. "Huyu mtampeleka zahanati."

"Mafuta ya nani?" ukauliza.

Kwa kweli, Baba, nani mwingine angeuliza? Mwinjilisti alikuvuta shati kwa nyuma.

"Ya pikipiki zetu. Sisi tutasukuma." Akanyoosha kidole kimoja. "Na mmoja wenu atabaki hapa mpaka wewe urudi. Usiporudi, usiulize."

 Mama yetu alijua mama wa mtoto hawezi kubaki, na dereva hawezi kubaki, na alikwisha kuanza kujivua kitambaa cha kichwa amwachie yule mama amlowanishie mtoto. Ndipo Mwinjilisti akasema, "Nitabaki mimi."  Ukamshika mkono. Hukumwambia Mungu yupo, wala usiogope. Ulimwambia, "Nitarudi," akaitika kwa kichwa.

Wakakinga mafuta ya pikipiki kwenye dumu, mkayatia. Polepole wetu siku hiyo aliendesha gari mpaka Mama akashika dari. Yule majeruhi alikuwa kalala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama wa mtoto, maana hapakuwa na pengine pa kukiweka. Njiani alikuuliza, "Mzee, nitakufa?"

"Sijui, mwanangu," ukasema. "Ninaendesha."

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na tangi kavu. Muuguzi aliwapokea wote wawili bila kuuliza nani ni nani. Mtoto alichomwa sindano, akatundikiwa maji, na baada ya muda akalia. Mama anasema hajapata kusikia kilio kizuri kama kile. Kijana alilazwa kitanda cha pili. Muuguzi alifungua shati, akalifunga tena, akakutazama.

"Jeraha hili lazima nilitolee taarifa," alikuambia.

"Toa, binti yangu. Mimi nilipewa mtu nimlete, nimemleta. Mwenzangu yuko kule na ninataka kurudi."

Ila gari lilikuwa kavu tena. Wale waumini, waliokuja wakitembea kumlaki Mwinjilisti wao, wakamkuta dereva mwenye mafuta ya injini mikononi akiwaambia kwamba mwalimu wao yuko mikononi mwa wanyang'anyi. Wengine walisema usirudi. Walisema atakuwa amekwisha, na ukirudi mtakuwa wawili. Mama mwenyewe, ametuambia mwaka huu tu, alikuwa upande wao. Alikushika mkono akakwambia watoto wako kwa wifi yake, wamesubiri chakula tangu mchana.

"Nilimwambia nitarudi," ukasema. Ukaenda nje, ukaanza kupiga matairi mateke.

Palikuwa na mwanamke mwenye mashine ya kusaga, na mashine ile ilikunywa petroli. Foleni ya wanawake wenye ndoo za nafaka ilikuwa imepangwa tangu asubuhi. Aliizima mashine katikati ya kazi, akakinga petroli yake yote kwenye sufuria, akakuletea akiishika kwa mikono miwili. Wanawake wale wakabeba ndoo zao za nafaka isiyosagwa, wakarudi majumbani bila unga. Hakuna aliyeguna, au kama waliguna, waliguna mbali.

Uliondoka peke yako. Mama alikaa kwenye ngazi ya zahanati akitazama barabara. Anasema hakusali. Alishindwa. Alikaa tu akihesabu vumbi, na kila vumbi lilikuwa la mbuzi. Jua lilikuwa limeinama kabisa gari lilipotokea, na kioo kilimulikwa na jua hata hakuweza kuona mmo wangapi. Hakusimama. Aliogopa kusimama.

Mlikuwa wawili. Ulimkuta Mwinjilisti kakaa juu ya jiwe kando ya barabara, hana viatu, peke yake. Walikuwa wamekwisha kwenda zao. "Niliwahubiria mpaka nikaishiwa," alimwambia Mama. "Nilipoishiwa nikawasikiliza. Ningeanza na kuwasikiliza." Kesho yake alifundisha chini ya bati lile bila viatu, na wanasema hakupaza sauti hata kidogo.

Mtoto alipona. Yule kijana alifariki asubuhi, kabla askari hawajafika. Uliomba jembe, ukachimba pamoja na wenyeji, na ulipoambiwa hapana anayejua jina lake ulivua kofia ukasema, "Bwana, wewe unalo."

Tukiwa kwa shangazi tuliwaona mkirudi siku nyingi baada ya chakula kile kilichotusubiri. Kitinda mimba alikimbia akakupiga ngumi za paja. Ulisimama ukapigwa mpaka akachoka.

Kanisa lilikuomba utoe ushuhuda, mwaka baada ya mwaka, na kila mara ulikohoa. Siku moja tulikuuliza kwa nini, nawe ulikuwa unafunga mpira wa lori. Ukasema, "Mimi nilipewa mafuta. Kule kuna mama wa yule kijana, hakurudishiwa mwanawe, na kuna watu walilala bila unga. Nikisimama kusema Mungu alinipa, lazima niseme pia aliyachukua kwa nani, na hiyo ni hadithi ndefu, watu wanataka kwenda nyumbani." Baadaye ukaongeza, kama mtu anayejisemea, "Lakini alinipa. Hilo silikatai."

Baba, tumejaribu kuisema hadithi ile ndefu hapa.

Ulipougua, tuliomba kwa nguvu zetu zote, na Mwinjilisti, sasa mzee wa fimbo, alikuja kuomba nasi. Tulichoomba hatukupewa. Hatutasema uongo kwenye tangazo lako wewe: tulikasirika, na mmoja wetu bado amekasirika, na huwa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Wewe hukukasirika. Mchana ule wodini, chakula kilipoletwa, ulimgeukia Mama ukamuuliza, "Umekula?" Mama akasema amekula. Ulimjua vizuri mno. Ukaisukuma sahani yako kwake kwa mkono uliokuwa na sindano, ukangoja. Alikula huku machozi yakimtoka, kijiko kwa kijiko, na hukufumba macho mpaka sahani ikawa tupu. Kisha ukayafumba.

Anayekukumbuka ni mkeo, ambaye anakuomba radhi kwa chumvi, anasema chakula kile kilikosa chumvi na hakukwambia. Wanakukumbuka wanao, wakwe zako na wajukuu. Dada yako, shangazi yetu aliyetulisha. Utingo wako, ambaye sasa ni dereva na kuku bado wanampita. Mjane wa nyumba ya kona. Mwinjilisti, rafiki yako. Na mama mmoja wa njia panda pamoja na mwanawe, yule mtoto aliyepona.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumapili hii nyumbani, baada ya ibada ya asubuhi kanisani. Atakayekuja asibebe kitu. Chakula kitakuwepo.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tulizobakiziwa.