Sitauchana Ukurasa Ule

Karakana ya Mabasi,
S.L.P. 318.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo sana. Hujambo huko kwenye baridi? Goti linasemaje siku hizi? Na yule msimamizi wa chumba cha kufulia hapo hospitalini kwenu, bado anakupangia zamu za alfajiri kana kwamba wewe hulali? Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira imenijaa mpaka hapa shingoni. Baba naye hajambo. Anakohoa kidogo asubuhi, na dawa hanywi mpaka nimsimamie.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umenifokea vizuri, makali yako hayajapungua hata kidogo. Umesema nimemtukana marehemu na kuitia familia aibu. Sasa nawe nisikilize, maana waliokupelekea habari wamekupa nusu.

Rais wetu wa zamani alipofariki, meneja alileta kitabu cha rambirambi karakanani, jalada jeusi, kalamu imefungwa kwa uzi kana kwamba tungeiiba. Kila idara iandike ukurasa mmoja, kisha kitabu kipelekwe kwa wafiwa. Mafundi wenzangu wa breki wakanisukuma mbele, eti nina mwandiko mzuri. Mwandiko wenyewe nimeupatia kwenye kadi za magari!

Hapa kwetu basi halitoki bila kadi. Juu unaandika kazi iliyofanyika, chini kasoro iliyobaki, halafu unatia sahihi. Ukiandika hakuna kasoro na kasoro ipo, unafukuzwa siku hiyohiyo na hakuna wa kukutetea, kwa sababu kuna watu watapanda lile basi. Miaka kumi na moja sijaandika kitu kwa namna nyingine. Basi nilianza kwa kuwapa pole wafiwa kama watu wote, halafu mkono ukashika njia yake. Nikaandika: "Kazi iliyofanyika: zahanati, barabara, watu wazima kufundishwa kusoma, shangazi yangu akiwemo. Kasoro iliyobaki: watu waliofungwa bila kesi, baba yangu akiwemo, miezi kumi na tisa. Hawajaombwa radhi." Nikatia sahihi, nikarudi chini ya basi langu.

Haya niambie, tusi liko wapi hapo?

Labda mkono ulikosea mahali. Sawa, kitabu cha msiba si kadi ya gari, hilo nakubali. Lakini nilipousoma tena ukurasa kesho yake sikuona neno la kufuta. Ungeniambia nimeongeza chumvi ningekuelewa. Hukusema hivyo. Umesema tu ningenyamaza. Shangazi, kunyamaza tumenyamaza tangu sijazaliwa!

Mtaani nako hakukaliki. Kinyozi wa hapa kona amepiga marufuku kumtaja marehemu mtu akiwa na wembe shingoni, baada ya wateja wawili kutaka kushikana mashati. Mmoja anasema alitujengea nchi, mwingine anamuuliza alimjengea nani. Na Baba, usishangae, alipanga foleni kutwa nzima kwenda kuutazama mwili. Majirani wakapata la kusema: mwenyewe amesamehe, binti ndiye mkorofi. Nilipomuuliza alinijibu, "Nilikwenda kumwangalia. Yeye hakuja kuniangalia." Akaomba chai, basi.

Meneja alitaka niuchane ukurasa kwa mkono wangu, niandike mwingine ulio safi. Yeye anaogopa kuuchana, asije akaambiwa ameharibu kitabu cha msiba wa Rais! Alinipa mpaka leo asubuhi. Leo ameniita ofisini, kitabu mezani, rula pembeni ili nichane kwa unyoofu. Nikamwambia sichani. Akaniuliza kama najua maana ya kusimamishwa kazi. Nikamwambia naijua, niandikie.

Msimamizi wetu wa zamu, yule tunayemwita Gia, alikuwepo. Huyo anampenda marehemu kuliko hata wewe unavyompenda, picha yake anayo mpaka ndani ya kabati la nguo. Akasema yaliyoandikwa yamemkera sana, ila kadi iliyokwisha kutiwa sahihi haichanwi. Meneja akamtoa nje. Nimekabidhi spana zangu zote, nimefika nyumbani saa nne asubuhi na ovaroli begani. Kamati ya nidhamu itakaa wiki ijayo, na mambo si mazuri, nisikudanganye. Naogopa, Shangazi. Naipenda ile kazi. Lakini hata wakinirudisha kwa masharti ya kuchana, hawanipati.

Baba alinikuta nimekaa mlangoni. Nilidhani atanigombeza kama wewe. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kusimulia bila kuulizwa: chumba cha gerezani kilivyokuwa, walivyolala kwa zamu, jina la aliyekuwa akilia. Alinieleza na habari ya barua. Kwamba barua ya kwanza wewe kuisoma kwa macho yako, bila kusomewa na mtu, ilikuwa yake kutoka gerezani, na nusu ya mistari imepakwa wino mweusi. Mbona hukuwahi kuniambia? Darasa lilikuwa la Rais, na ule wino ulikuwa wake vilevile.

Wasalimie binamu zangu, yule mrefu na yule mbishi. Jirani yetu mshonaji anakusalimu, anasema gauni lako bado analo. Mungu akulinde na barafu, usianguke.

Usinitumie sauti tena. Niandikie kwa mkono wako mistari ile uliyoweza kuisoma. Baba amesahau alichoandika, na anataka kujua.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ukinifokea,
Fundi Breki